Urithi wa jamaa ya Custis: namna watu waligawanywa sawa vile shamba huko Marekani

Kuko ulizo moja linarudia kila mara tunapozungumza juu ya utumwa huko Marekani: yule bwana mwenye watumwa akifa, watumwa walikuwa wanaenda wapi? Wengi wanafikiri kifo cha bwana ilikuwa ndiyo mlango wa kutoka. Hapana. Kwa watumwa wengi, siku bwana alikufa ndiyo siku mbaya kuliko zote, kwani njo siku ile walihesabiwa, wakawekewa bei, na kugawanywa kati ya watoto wa marehemu.

Ili tuelewe vizuri, tutafuata jamaa moja tu: jamaa ya Custis, ya jimbo la Virginia. Ni jamaa ambamo aliolea mtu ambaye baadaye alikuwa raisi wa kwanza wa Marekani, George Washington. Mali yao iliandikwa sana, karatasi nyingi zimebakia mpaka leo, na mambo ya urithi wao ilidumu zaidi ya miaka 100.

Tuanze na sheria, kwani bila sheria hakuna kinachoeleweka.

Watu weusi wa kwanza wanaojulikana kuletwa kuuzwa Virginia walifika mwaka 1619. Walikuwa 20 na kitu. Walikamatwa pande za ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo, jirani na ufalme wa Kongo, wakapandishwa mashua ya Wareno huko Luanda, na njiani wanyang'anyi wa bahari Waingereza wakawaiba. Kwa hiyo hii historia haiko mbali na sisi vile mtu angefikiri. Wakati ule Virginia ilikuwa bado kuwa na sheria wazi juu ya utumwa. Sheria zilikuja polepole, moja moja, na nyingi kati yao zilihusu urithi.

Mwaka 1662 wakubwa wa Virginia waliandika kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni mzungu, hata kama baba ni yule bwana mwenyewe. Kwa Waingereza hii ilikuwa kitu kipya, kwani kwao mtoto alifuata baba. Fikiria vizuri maana yake: tangu siku ile tumbo la mwanamke mtumwa likawa mali ya jamaa ya bwana wake. Katika maandishi ya wosia ya wakati ule utakuta maneno ya namna hii mara nyingi: ninamwachia binti yangu mwanamke fulani, pamoja na wale watakaozaliwa naye. Mtoto alikuwa bado kuzaliwa, lakini mwenyewe alikwisha kujulikana.

Kisha mwaka 1705 ikatoka sheria nyingine, yenye kushangaza zaidi. Ilisema kwamba kwa mambo ya urithi mtumwa atahesabiwa sawa vile ardhi, si sawa vile ng'ombe ao vyombo vya nyumba. Kwa nini walifanya vile? Juu shamba la tumbako bila watu wa kulilima halina faida. Wakubwa waliogopa kwamba ardhi itabakia kwa mtoto mmoja, na watumwa watatawanyika kwa wengine ao kwa wenye kudai deni. Basi wakawafunga watu pamoja na udongo. Ardhi wakati ule ilikuwa inaenda kwa kijana wa kwanza wa kiume, kama baba hakuacha wosia. Na mjane alikuwa na haki ya sehemu moja juu ya tatu, kwa kutumia tu mpaka siku ya kufa kwake.

Mjane anatumia, anakula faida, lakini hauzi, hatoi zawadi, hafungui mtu. Akikufa, ile sehemu inarudia warithi wa bwana yake wa kwanza. Hapo ndipo kamba yote ya historia hii inafungiwa.

Mwaka 1757 Daniel Parke Custis alikufa bila kuacha wosia. Aliacha mke wake Martha, mwenye miaka 26, na watoto wawili wadogo, Jacky na Patsy. Aliacha pia zaidi ya hekta 7 000 za ardhi na watu karibu 300. Ilikuwa moja ya mali kubwa kabisa ya Virginia.

Aliacha tena kesi. Babu wa Daniel upande wa mama, aliyeitwa Daniel Parke, alikuwa gavana wa visiwa vya Waingereza pande za Antigua, na aliuawa huko mwaka 1710 na watu waliomwasi. Katika wosia wake mali ya visiwani aliiachia binti aliyemzaa nje ya ndoa, na mali ya Virginia akaiachia mabinti wa ndoa. Madeni je? Nani atalipa? Watu wa Antigua walisema ni wa Virginia, wa Virginia wakakataa. Kesi hiyo iliendelea miaka na miaka, na ilikuwa haijaisha wakati mjukuu alikufa. Mwenye kufuata kesi za parseli kwenye tribinali zetu hatashangaa.

Na hata kabla ya pale kulikuwa jambo jingine katika jamaa hii, ambalo vitabu vya shule havilielezi sana. Baba ya Daniel, John Custis, alikuwa na kijana mdogo anaitwa Jack, mwana wa mtumwa wake Alice. Mzee alimpenda sana. Kila mtu alijua, ao alidhani anajua, sababu yake. Mzee alifikia kuomba ruhusa kwa gavana ili amfungue huyu mtoto, kwani kwa sheria ya Virginia ya mwaka 1723 bwana hakuweza kumfungua mtumwa kwa mapenzi yake tu. Na alipokasirikia Daniel juu ya mambo ya ndoa, alitisha kwamba mali itaenda kwa Jack. Mzee alikufa mwaka 1749, akiwa amepatana na Daniel, lakini katika wosia aliagiza Jack ajengewe nyumba na apewe ardhi. Miaka miwili kisha, kijana akagonjwa na kufa. Ardhi ikabakia kwa Daniel.

Turudi kwa Martha. Sheria ilimpa sehemu yake moja juu ya tatu: ardhi, na watumwa zaidi ya 80. Sehemu mbili zingine za ardhi na za watu zilimngojea Jacky, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Patsy, juu ni msichana, sehemu yake ilikuwa pesa. Kuandika orodha ya marehemu ilikuwa kazi ya kawaida: watu wanaochaguliwa wanapita nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, wanaandika kitanda, farasi, sahani za feza, mwanamke fulani na mtoto wake, kisha pembeni wanaweka bei. Mzee ambaye hawezi kufanya kazi tena, bei yake ilikuwa kidogo sana, ao sifuri.

Januari 1759 Martha akaolewa na George Washington. Yeye pia alikuwa mrithi: baba yake alipokufa mwaka 1743, George akiwa na miaka 11, alirithi watumwa 10. Lakini ukubwa wake ulitoka kwa ndoa hii. Kwa sheria ya wakati ule, mwanaume akioa mjane, yeye ndiye anasimamia sehemu ya mjane. Watumwa wa Martha wakahamishwa, wengine wao, mpaka shamba la Mount Vernon. Walifanya kazi kwa Washington, walikula chini ya amri ya Washington, lakini hawakuwa wake. Walikuwa wa mali ya Custis. Kama mmoja akipotea, Washington angepaswa kulipa warithi.

Patsy alikufa mwaka 1773, na sehemu kubwa ya pesa yake ikamsaidia Washington kulipa madeni yake London. Jacky naye alikufa Novemba 1781, kwa homa aliyoipata kwenye kambi ya waaskari huko Yorktown. Aliacha watoto wanne. Wawili wadogo, Nelly na George Washington Parke Custis, walilelewa na nyanya yao Martha kule Mount Vernon. Weka majina yao moyoni, kwani wao ndio waliongojea.

Sasa hapa mambo yanakuwa magumu, si kwa warithi, bali kwa wale waliorithiwa. Miaka 40 ni mingi. Katika miaka ile, watumwa wa Washington na watumwa wa Custis waliishi pamoja, walioana, walizaa. Mwanaume wa upande wa Washington alioa mwanamke wa upande wa Custis, na watoto wote, kwa ile sheria ya 1662, wakawa wa Custis.

Chukua mpishi Hercules, ambaye jina lake lilijulikana sana Philadelphia wakati Washington alikuwa raisi. Hercules alikuwa wa Washington. Mke wake Alice alikuwa wa Custis, kwa hiyo watoto wao wote walikuwa wa Custis. Hercules alikimbia Februari 1797. Alifaulu, hawakumrudisha. Lakini watoto walibaki nyuma, na kwa sheria hakuna njia ambayo angewadai.

Ao chukua Ona Judge. Mama yake, Betty, alikuwa mshonaji wa upande wa Custis. Baba yake alikuwa fundi mshonaji mzungu, Mwingereza, mwenye kufanya kazi kwa mapatano; alimaliza miaka yake akaenda. Ona alikua msichana wa kumtumikia Martha, kumvalisha, kumchana. Mwaka 1796, huko Philadelphia, alipata habari kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu mkubwa wa Martha, Eliza, aliyekuwa ameolewa. Ona alijua tabia ya Eliza. Mei 1796, wakati wenye nyumba wanakula chakula cha jioni, akatoka. Marafiki weusi wa mji ule walimsaidia, akapanda mashua mpaka New Hampshire, kaskazini.

Washington alituma watu kumtafuta. Ona alikataa kurudi. Aliolewa na mwanabahari mweusi huru, akazaa watoto. Na watoto hawa, wenye baba huru, waliozaliwa mbali sana na Virginia, kwa sheria walikuwa bado mali ya wajukuu wa Custis, juu mama yao alikuwa wa Custis. Washington hangeweza kumfungua hata kama angetaka. Ona alikufa mwaka 1848, akiwa mzee na maskini, huru kwa maisha yake lakini mtumwa aliyekimbia kwa karatasi. Waandishi wa habari waliomtembelea siku za mwisho walimuuliza kama anajuta. Alisema hapana.

Mwaka 1799, miezi michache kabla ya kufa, Washington aliandika wosia wake. Aliamuru pia orodha ya watu wote wa Mount Vernon. Walikuwa 317. Zaidi ya 120 walikuwa wake. 153 walikuwa wa sehemu ya mjane, maana yake wa Custis. Karibu 40 walikuwa wa kukodiwa kwa jirani. Orodha ile inaonyesha nani ameoa nani, na ni nani mwenyewe. Ukiisoma unaona jamaa zilizokatwa katikati kwa mstari wa kalamu.

Wosia ulisema kwamba watu wake Washington watafunguliwa baada ya kifo cha Martha. Aliandika sababu: wameoana na wale wa Custis, na kuwafungua hawa huku wale wanabaki kungeleta uchungu mkubwa. Mtu mmoja tu, William Lee, mtumishi wake wa vita, alifunguliwa palepale na kupewa dola 30 kila mwaka.

Wengi wanamsifu Washington juu ya wosia ule, na kweli kati ya wakubwa wa wakati wake ni wachache waliofanya vile. Mimi ningesema tu: alikuwa na ruhusa ya sheria tangu mwaka 1782, wakati Virginia ilikubali bwana amfungue mtumwa bila kumuomba gavana. Jirani yake wa Virginia, Robert Carter, alianza mwaka 1791 kuwafungua watu karibu 500 akiwa bado hai. Washington alingojea kaburi.

Alikufa Desemba 1799. Sasa Martha alijikuta kati ya watu zaidi ya 100 ambao uhuru wao ulingojea afe. Abigail Adams, mke wa raisi wa pili, alimtembelea na kuandika kwamba Martha hakuona maisha yake salama mikononi mwao. Tarehe 1 Januari 1801 Martha akawafungua wote wa bwana yake. Wale wa Custis? Hakuwa na haki. Alikufa Mei 1802, na wale 150 na kitu wakagawanywa mafungu manne: Eliza, Martha, Nelly, na George. Mume aliyefunguliwa mwaka jana alisimama kando akiangalia mke anaenda kwa mrithi mmoja, mtoto kwa mwingine. Wengine walijaribu kununua watu wao polepole, kwa kazi ya miaka. Na tangu mwaka 1806 sheria mpya ya Virginia ilidai kwamba mtu atakayefunguliwa atoke katika jimbo kwa muda wa miezi 12. Maana yake, ukimnunua mke wako na kumfungua, lazima ahame.

Mtu anaweza kusema: hiyo ilikuwa jamaa moja yenye bahati mbaya. Thomas Jefferson, yeye aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alirithi kutoka kwa baba mkwe wake John Wayles watumwa 135 mwaka 1773, pamoja na madeni. Kati yao alikuwa Sally Hemings, binti wa Wayles mwenyewe kwa mwanamke mtumwa, ndugu ya mke wa Jefferson kwa baba. Jefferson alipokufa mwaka 1826, madeni yake yalipita dola 100 000. Wosia ulifungua wanaume watano. Mmoja ni mhunzi Joe Fossett. Mke wake Edith na watoto wao hawakuandikwa. Januari 1827 watu 130 waliwekwa mnadani pale Monticello, na Joe, akingojea miezi michache uhuru wake wa karatasi, aliona watoto wake wanauzwa kwa watu mbalimbali. Alihangaika, akafaulu kumpata tena Edith na wachache kati ya watoto. Mwana wake Peter, aliyeuzwa na miaka 11, alibakia mtumwa miaka mingi. Kisha akawa mhubiri huko Cincinnati, na mwaka 1900, akiwa mzee, akarudi kuangalia Monticello.

Deni, kweli, ndilo lililotenganisha jamaa kuliko ubaya wa roho ya bwana. Bwana mzuri aliyekufa na deni alikuwa hatari sawa na bwana mbaya. Wenye kudai walilipwa kwanza. Na kama warithi walikuwa wadogo, watumwa walikodishwa kila mwanzo wa mwaka kwa yeyote mwenye kulipa, ili mayatima wapate pesa ya shule.

Tumalizie na George Washington Parke Custis, yule mjukuu aliyelelewa Mount Vernon. Kwa urithi wake alijenga nyumba kubwa yenye nguzo, juu ya kilima cha Arlington, inayotazama mji wa Washington. Alikuwa na binti mmoja wa ndoa, Mary, aliyeolewa mwaka 1831 na askari Robert E. Lee. Alikuwa pia na binti mwingine, Maria, mwana wa mtumwa Arianna Carter. Maria alioana na Charles Syphax, mtumwa wa nyumba ile. Custis alimfungua Maria na kumpa hekta karibu 7 kandokando ya shamba. Alimpa kwa mdomo. Hati haikuandikwa.

Custis alikufa Oktoba 1857. Wosia wake ulisema watumwa wafunguliwe, lakini kwanza wajukuu wake wanne wa kike wapewe kila mmoja dola 10 000, na kazi hiyo isipite miaka mitano. Mkwe wake Lee ndiye alisimamia wosia. Pesa haikuwepo, deni lilikuwepo. Basi Lee alisema wafanye kazi miaka mitano, na wengine akawakodisha mbali. Watu waliona wamedanganywa, kwani mzee alikuwa akiwaambia kwamba akifa watakuwa huru. Wesley Norris, dada yake Mary na ndugu mmoja walikimbia mwaka 1859, wakakamatwa Maryland. Norris alieleza mwaka 1866, vita ikiwa imekwisha, kwamba walipigwa fimbo, wanaume 50 kila mmoja, Mary 20, na kwamba Lee aliamuru migongo yao ioshwe kwa maji ya chumvi.

Lee aliomba tribinali imuongezee muda. Ilikataa. Tarehe 29 Desemba 1862, akiwa jenerali wa jeshi la kusini, alitia sahihi karatasi ya kuwafungua watu wa Custis. Siku tatu kisha ikatoka amri ya raisi Lincoln. Tangu kifo cha Daniel Parke Custis ilikuwa imepita miaka 105.

Serikali ya Washington ilikwisha kuingiza waaskari Arlington. Ilidai kodi ya ardhi, dola 92 na senti 7. Mary Lee alituma ndugu kulipa. Wakubwa wa kodi wakasema mwenye ardhi lazima aje yeye mwenyewe. Mwaka 1864 shamba likanyang'anywa na makaburi ya waaskari yakaanza kuchimbwa, yale yanayojulikana ulimwenguni mpaka leo. Sehemu ya Maria Syphax ikanyang'anywa pamoja, juu hakuwa na hati. Alipeleka malalamiko yake bungeni, na mwaka 1866 bunge la Marekani likampitishia sheria ya kumrudishia hekta zake 7.

Kijana mkubwa wa Lee naye alishitaki. Mwaka 1882 tribinali kuu ilisema serikali ilichukua shamba bila haki. Mwaka uliofuata alilipwa dola 150 000, na makaburi yakabakia pale. Wale waliolima Arlington miaka 60 hawakuwa na jina katika kesi ile.